Kihisi cha glukosi kinachoporomoka siku ya tano: uchambuzi wa kisa

Vihisi kumi na viwili vya glukosi, vya aina ya sindano, yaani vya kuchomekwa mwilini ili kufuatilia sukari ya mgonjwa, vimo kwenye bafa (myeyusho unaozuia pH isibadilike) ya fosfeti ya pH 7.4 kwa nyuzi joto 37. Vinane vimewekwa kwenye glukosi ya milimoli 10 kwa lita, vinne kwenye milimoli 5. Vinatakiwa vikae siku 10 bila kuyumba, na havikai. Saa sita za mwanzo mkondo wa umeme unaotoka kwenye kihisi unashuka bila kutulia. Kisha kwa siku mbili tatu unapanda polepole, kama asilimia 10 hivi. Halafu, katikati ya siku ya tano, vile vinane vinaporomoka karibu kwa pamoja, ndani ya saa chache. Vile vinne vya glukosi ndogo vinaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, mpaka mwanzo wa siku ya kumi, ndipo navyo vinapoanguka vivyo hivyo.

Kisa hiki ni cha kihisi cha mfano chenye vipimo vya kawaida kwa vihisi vya aina yake, ili kila hesabu iweze kurudiwa na msomaji. Waya wa platini una kipenyo cha milimita 0.125, na milimita 2 za ncha yake zimeachwa wazi. Juu ya ncha kuna utando mwembamba wa ndani wa kuzuia kemikali nyingine za damu, kisha tabaka la kimeng'enya, kisha utando wa nje wa poliyurethani wenye unene wa maikromita 20. Elektrodi rejea, yaani ile ambayo volteji hupimwa kulingana nayo, ni waya wa fedha wa kipenyo hicho hicho, urefu wa milimita 5, uliovishwa kloridi ya fedha kwa mkondo wa miliampia 1 kwa kila sentimita ya mraba, dakika 10. Elektrodi ni hizo mbili tu. Platini inashikiliwa volti 0.6 juu ya rejea, na kihisi kinatoa nanoampia 3 kwa kila milimoli moja ya glukosi kwa lita. Kwa milimoli 10, basi, mkondo ni nanoampia 30.

Kanuni yenyewe ni ya tangu 1962, Leland Clark na Champ Lyons walipopendekeza kukifungia kimeng'enya juu ya elektrodi. Glukosi hupenya utando wa nje na kukutana na glukosi oksidesi, kimeng'enya ambacho kwa kawaida hutolewa kwenye kuvu Aspergillus niger. Kimeng'enya huchukua glukosi na oksijeni, kikatoa glukonolaktoni na haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ikifika kwenye platini hunyang'anywa elektroni mbili, na elektroni hizo ndizo mkondo tunaousoma.

Hapo ndipo maelezo mengi huishia, na hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia. Elektroni zilizotoka kwenye platini lazima ziingie mahali pengine kwenye myeyusho ule ule. Katika kihisi cha elektrodi mbili, mahali hapo ni rejea yenyewe. Kila elektroni inayoingia huigeuza molekuli moja ya kloridi ya fedha kuwa fedha tupu na ioni ya kloridi. Rejea, ambayo kila mtu huichukulia kuwa alama isiyosogea, inaliwa muda wote kihisi kinapofanya kazi.

Kihisi kikiyumba, mkono wa wengi hukimbilia kimeng'enya: kiongezwe, kibadilishwe, kifungwe kwa nguvu zaidi. Njia bora ni kutazama saa kwanza. Mabadiliko ya dakika, ya saa, ya siku, na ya kuporomoka kwa ghafla yana vyanzo tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Hapa tuna awamu tatu, kwa hiyo tuna matatizo matatu. Tutaianza ya mwanzo, turuke hadi ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayoua vihisi, kisha turudi kwenye ya katikati.

Saa sita za kushuka

Volteji inapowashwa, kuna mkondo wa kujaza chaji kwenye uso wa platini. Huo huisha upesi, katika sekunde hadi dakika chache. Unaobaki ni mambo matatu yanayokwenda taratibu: platini inajivika oksidi nyembamba inayozidi kukua kwa kasi inayopungua, mabaki ya kemikali za utengenezaji yanayoweza kuoksidishwa yanachomwa na kuisha, na tando zinanyonya maji.

Kujua kama kimeng'enya kinahusika ni rahisi. Tengeneza vihisi viwili visivyo na kimeng'enya, vyenye albumini tupu (protini isiyochakata glukosi) mahali pake, uviweke kwenye bika lile lile. Vikishuka kwa mchoro ule ule, kimeng'enya hakina hatia. Vihisi vitupu vya namna hii vitengenezwe katika kila kundi, tena siku ile ile na kwa myeyusho ule ule wa utando. Bila hivyo, kila ubishi kuhusu mkondo tupu, yaani ule unaopita wakati hakuna glukosi, hauna wa kuuamua.

Tiba ni kukitayarisha kihisi kwa volteji kabla hakijaanza kuaminiwa. Njia ya polepole ni kukiacha kwenye bafa isiyo na glukosi kwa volti 0.7 mpaka mkondo utulie, kisha kushuka hadi 0.6. Kipimo cha kutulia kiwe wazi: kwa mfano, mabadiliko yasiyozidi nanoampia 0.1 kwa saa. Njia ya haraka ni kutumia volteji ya juu zaidi kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko kati yake, ili oksidi ijengeke mapema. Usivuke volti 1 hivi. Juu ya hapo maji yenyewe huanza kuoksidishwa na kutoa asidi pale pale kimeng'enya kilipo, na ukizidi kupanda kloridi nayo huanza kugeuka klorini. Kihisi kitakuwa kimetulia haraka na kufa mapema.

Jambo la pili ni kutokata volteji. Siku ya pili ya kisa hiki waya wa potensiostati, kifaa kinachoshikilia volteji na kupima mkondo, ulichomoka kwenye vihisi viwili kwa dakika 20. Uliporudishwa, mkondo uliruka mara kadhaa juu ya kawaida, ukashuka ndani ya dakika chache, kisha ukabaki na mkia mrefu wa saa nzima. Mruko ule haukuwa hitilafu ya kifaa. Kimeng'enya hakijui kama volteji imekatika. Kinaendelea kutengeneza peroksaidi, na kwa kuwa platini haiichomi tena, inarundikana chini ya utando. Volteji ikirudi, rundo lote linachomwa kwa mara moja. Mkia mrefu unatokana na oksidi ya platini inayojipanga upya. Ubaya haukomei kwenye kipimo, kwani peroksaidi iliyorundikana inakidhuru kimeng'enya. Kwa hiyo betri ndogo ya kushikilia volteji wakati wa kuhamisha waya, au wakati wa kubadilisha kisomeo, inalinda kipimo na pia inalinda uhai wa kihisi. Mahali ambapo kihisi kiko mwilini mwa mgonjwa na kisomeo hubadilishwa mara kwa mara, betri hiyo si anasa.

Kuporomoka

Vihisi vinane vimeanguka pamoja, vinne vikabaki. Tofauti pekee kati yao ni kiasi cha glukosi. Waliobaki wana nusu ya mkondo, na wamedumu mara mbili. Uwiano huo unazungumza waziwazi: kuna kitu kinachotumika kwa kiasi cha umeme uliopita, na kimeisha.

Washukiwa wanaolingana na ushahidi huo ni wawili. Wa kwanza ni kimeng'enya, maana peroksaidi huzalishwa kwa kadiri ya glukosi, na peroksaidi hukiua. Wa pili ni kloridi ya fedha ya rejea. Namna ya kuanguka tayari inampunguzia mzigo wa kwanza. Kimeng'enya hufa kidogo kidogo, na vihisi hutofautiana kwa kuwa tabaka zao hazikuwa sawa kabisa. Kuanguka kwa saa chache, na kwa pamoja, si tabia yake.

Hesabu inamaliza kazi. Waya wa fedha wa milimita 5 wenye kipenyo cha milimita 0.125 una eneo la sentimita za mraba 0.0196. Miliampia 1 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde 600 ni kulombi 0.6 (kulombi ni kipimo cha kiasi cha umeme uliopita) kwa sentimita ya mraba. Zidisha kwa eneo upate kulombi 0.0118. Hiyo ndiyo akiba yote ya rejea. Igawe kwa nanoampia 30 upate sekunde kama 393,000, yaani siku 4.5. Igawe kwa nanoampia 15 upate siku 9.1. Vihisi vimekufa siku zile zile ambazo hesabu ilikuwa imezipanga tangu vilipotengenezwa.

Hata hivyo hesabu isiachiwe kutoa hukumu peke yake, kwa sababu vipimo vitatu vya kuthibitisha vinachukua chini ya saa moja.

Chukua elektrodi rejea kubwa ya maabara, ya kloridi ya fedha yenye kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita, uiweke kwenye bika. Pima tofauti ya volteji kati yake na rejea ya kihisi kwa mita yenye ukinzani mkubwa sana wa kuingilia, kihisi kikiwa kinafanya kazi. Rejea nzima itasoma kama milivolti 70 juu ya ile kubwa. Tofauti hiyo ni ya kawaida, inatokana na kloridi ya bafa kuwa kidogo kuliko ile ya ndani ya elektrodi kubwa. Rejea iliyoisha itasoma chini zaidi kwa milivolti 200 au hata zaidi, kwa sababu haina tena kloridi ya fedha ya kugeuza na sasa inalazimika kuitumia oksijeni iliyomo kwenye myeyusho. Hapo potensiostati bado inashikilia volti 0.6 kati ya elektrodi mbili, ila alama yenyewe imeshuka, na platini imeshuka nayo. Imeondoka kwenye eneo ambako peroksaidi yote inayofika huchomwa, ikaingia kwenye mteremko ambako sehemu tu ndiyo huchomwa. Zaidi ya hayo, rejea inayokula oksijeni karibu na kimeng'enya inakinyang'anya kimeng'enya hitaji lake.

Cha pili ni kupandisha volteji ya kihisi kilichoanguka kutoka 0.6 hadi 0.8 kwa dakika tano. Mkondo ukirudi karibu na nanoampia 30, kimeng'enya kipo hai na rejea ndiyo iliyohama. Kimeng'enya kilichokufa hakifufuliwi na volteji. Hiki ni kipimo tu. Kukiacha kihisi kikiendelea hivyo ni kujidanganya, maana rejea isiyo na kloridi haikai mahali pamoja na kesho itakuwa kwingine.

Cha tatu, kilicho cha uhakika zaidi, ni kuiondoa rejea ya kihisi kwenye mzunguko na kutumia ile kubwa, huku waya mwingine wa platini ukibeba mkondo. Kumbuka tofauti ya milivolti 70 unapopanga volteji. Katika kisa hiki vihisi vyote vinane vilirudi kwenye usomaji wake. Kimeng'enya kilichokuwa kinalaumiwa kilikuwa kizima.

Kuna na kipimo cha nne, kifanywe mwisho kwa sababu kinakidhuru kihisi: tia haidrojeni peroksaidi ya milimoli 0.05 kwa lita kwenye bafa isiyo na glukosi, ulinganishe na mwitikio wa siku ya kwanza. Mwitikio wa peroksaidi ukishuka pamoja na wa glukosi, tatizo liko kwenye platini, rejea au tando. Wa glukosi ukishuka peke yake, tatizo ni kimeng'enya.

Tiba ya rejea ni kuipa akiba inayostahili kazi. Siku 10 kwa nanoampia 30 ni kulombi 0.026. Zidisha kwa tatu, kwa kuwa si kloridi yote inayobaki imeshikamana na fedha, na kwa kuwa mgonjwa mwenye sukari ya juu atavuta mkondo mkubwa kuliko huo. Lengo ni kulombi 0.078. Kuirundika yote kwenye waya wa milimita 5 kunahitaji tabaka la karibu maikromita 11, na tabaka nene la namna hiyo huwa na ukinzani mkubwa tena hubanduka waya ukipinda. Afadhali kuongeza eneo: zungushia mwili wa kihisi waya wa fedha wa milimita 15. Eneo linakuwa sentimita za mraba 0.059, na tabaka linalohitajika linashuka hadi maikromita 3.5 hivi.

Utaratibu ni huu. Safisha fedha kwa kuichovya kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa kwa sekunde chache, kisha suuza kwa maji yaliyoondolewa ioni. Iweke kwenye asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, uiunganishe upande chanya, na waya wa platini upande hasi. Pitisha miliampia 0.059 kwa dakika 22. Rangi igeuke kuwa ya kahawia iliyoiva au zambarau-kijivu, sawasawa pande zote. Mabaka meupe yanaonyesha mafuta ya vidole au kusafisha kusikokamilika. Waya huo urudiwe. Suuza, uhifadhi mbali na mwanga. Baada ya hapo ifunike rejea kwa utando mwembamba wa poliyurethani au Nafion (aina ya plastiki inayopitisha ioni), na iwe angalau milimita 1 kutoka kwenye kimeng'enya. Ioni za fedha zinazoyeyuka, japo ni chache, huizuia glukosi oksidesi na hujibandika kwenye platini. Rejea nene isiyofunikwa inaweza kukuondolea tatizo moja na kukuletea lingine.

Njia ya kukata mzizi kabisa ni elektrodi tatu: platini ya kazi, elektrodi saidizi ya kubeba mkondo, na rejea ambayo karibu hakuna mkondo unaoipitia. Gharama yake ni waya mmoja zaidi na mzunguko wa kielektroniki ulio mgumu kidogo. Elektrodi saidizi hufanya mazingira yake kuwa ya alkali, kwa hiyo iwekwe mbali na kimeng'enya. Kwa kihisi cha zaidi ya wiki moja, hii ndiyo njia ya kuchagua pale nafasi inaporuhusu. Vihisi vinavyotumia osmiamu kupeleka elektroni moja kwa moja kutoka kwenye kimeng'enya, teknolojia iliyotokana na kazi ya Adam Heller, hufanya kazi kwa volteji ya chini na havitegemei oksijeni. Lakini vikiwa na elektrodi mbili, rejea yao inaliwa vile vile. Hesabu ya kulombi haimsamehe mtu.

Kupanda kwa siku mbili tatu

Kabla ya kuulaumu utando, lihakikishe bika. Bika lililo wazi kwa nyuzi 37 linapoteza maji, glukosi inakolea, na vihisi vizuri huonekana vinapanda. Kinyume chake, bakteria wakiingia huila glukosi, na vihisi huonekana vinashuka. Funika bika, badilisha myeyusho kila siku, tia sodiamu benzoeti ya asilimia 0.1, na pima glukosi ya bika kwa analaiza ya maabara asubuhi na jioni. Myeyusho wa glukosi utengenezwe siku moja kabla, kwa sababu glukosi oksidesi inaitambua glukosi ya umbo la beta tu, na unga uliotoka kuyeyushwa huchukua saa kadhaa kufikia mizani yake, ambapo beta ni karibu asilimia 64. Aliyeyeyusha asubuhi na kupima asubuhi ile ile ataona unyeti, yaani mkondo kwa kila milimoli ya glukosi, ukibadilika wakati kihisi chake hakijabadilika hata kidogo.

Lihakikishe pia joto. Upenyaji wa utando hubadilika kwa asilimia chache kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo bafu la maji lisiyumbe zaidi ya nyuzi 0.1.

Halafu kuna unyevu kwenye kiunganishi, ambao unafanana na kupanda kwa unyeti lakini ni mvujo wa umeme tu. Ukinzani wa gigaomu 1 kati ya waya mbili, kwa volti 0.6, unapitisha nanoampia 0.6. Kwa kihisi chetu hiyo ni milimoli 0.2 ya glukosi isiyokuwepo. Ukishuka hadi megaomu 100, kosa ni milimoli 2. Pima ukinzani huo kwenye kiunganishi, kihisi kikiwa kimechomolewa, na usikubali chini ya gigaomu 1. Alama ya jasho la kidole kwenye kiunganishi inatosha kuharibu usomaji.

Katika kisa hiki, bika, joto na viunganishi vilikuwa sawa. Kilichobaki ni utando wenyewe kunyonya maji na kuvimba, hivyo kupitisha glukosi zaidi kila siku mpaka ulipotulia. Mara nyingi chanzo ni namna ulivyokaushwa. Utando hutengenezwa kwa kuchovya kihisi kwenye poliyurethani ya asilimia 3 hadi 5 iliyoyeyushwa ndani ya tetrahidrofurani, na katika mapishi mengi huongezwa dimethilifomamaidi kidogo ili kukauka kusiwe kwa haraka mno. Hiyo ya pili huondoka taratibu sana. Kihisi kikiingia majini nayo ingali ndani, inatoka ndani ya siku kadhaa na kuacha njia za glukosi nyuma yake. Kausha kwa saa 24 badala ya saa mbili, kisha loweka kwenye bafa ya nyuzi 37 kwa saa 24 kihisi kikiwa na volteji, kabla ya kufanya ugezi, yaani kuulinganisha usomaji wa kihisi na myeyusho unaojulikana. Chovya kwenye hewa yenye unyevu chini ya asilimia 50. Hewa yenye unyevu mwingi huufanya utando kugeuka mweupe kama maziwa, ishara kwamba umejaa vitundu, na unyeti wa kihisi hicho hautabiriki.

Jaribu kupinga tamaa ya kuuongeza unene ili kupata uthabiti. Muda wa glukosi kuvuka utando hukua kwa mraba wa unene. Kwa maikromita 20 na mgawo wa mtawanyiko wa sentimita za mraba 0.0000001 kwa sekunde, muda huo ni kama sekunde 40. Kwa maikromita 40 ni sekunde 160. Mtu ambaye sukari yake inashuka kwa kasi anazihitaji dakika hizo mbili.

Kimeng'enya na oksijeni

Hapa kimeng'enya hakikuwa na kosa, lakini hakikuwa na kosa kwa sababu kilikuwa kingi. Kihisi kinachofaa ni kile ambacho utando wa nje ndio unaoamua kasi, huku kimeng'enya kikiwa na nguvu ya kuichakata glukosi yote inayopita na kubaki na ziada. Hapo kikipotea nusu, mkondo haubadiliki. Kihisi ambacho kimeng'enya ndicho kinachoamua kasi kitashuka kila siku, na hakuna ugezi utakaokiokoa.

Mchanganyiko unaofaa kuanzia ni miligramu 20 za glukosi oksidesi na miligramu 20 za albumini kwenye mililita 0.5 za bafa, kisha maikrolita 10 za glutaraldehaidi ya asilimia 25, ili ifikie karibu asilimia 0.5. Chovya upesi, kwani huganda ndani ya dakika. Glutaraldehaidi ikizidi, kimeng'enya kinafungika mpaka kinapoteza uwezo, ikipungua, kinavuja. Baada ya kuganda, osha kwa bafa yenye glaisini ili kumaliza aldehaidi iliyobaki huru. Kukagua mvujo, kiache kihisi usiku kucha kwenye mililita 1 ya bafa, ukitoe, utie glukosi, kisha upime kwa platini tupu kama peroksaidi inazalishwa. Ikizalishwa, kuna kimeng'enya kilichotoka.

Oksijeni ikaguliwe kwa glukosi ya milimoli 15. Bafa iliyojaa hewa kwa nyuzi 37 ina oksijeni ya karibu milimoli 0.2 tu, na tishu za mwili zina pungufu ya hapo, ilhali mmenyuko unahitaji oksijeni moja kwa kila glukosi moja. Pitisha mchanganyiko wa gesi kutoka oksijeni asilimia 21 hadi asilimia 5, naitrojeni ikijaza sehemu iliyobaki. Mkondo ukishuka zaidi ya asilimia 10, utando wa nje unapitisha glukosi mno kulinganisha na oksijeni, na kihisi hicho kitasoma chini pale pale sukari inapokuwa juu.

Kwa nini hesabu ya kusahihisha haitoshi

Wapo watakaosema mabadiliko yote haya yanaweza kufutwa na programu, kwa kufanya ugezi kila siku kwa tone la damu. Tazama kihisi cha nanoampia 3 kwa milimoli, ambacho mkondo wake tupu umepanda hadi nanoampia 3. Mgonjwa akiwa na milimoli 10, mkondo ni 33. Ugezi wa nukta moja unahitimisha kwamba unyeti ni 3.3. Usiku sukari ikishuka hadi milimoli 3.0, mkondo unakuwa 12, na kifaa kinaonyesha 3.6. Kwa wanaotumia miligramu kwa desilita, ni 54 inayosomeka kama 65. Mtu amelala, yuko kwenye hatari kubwa, na kifaa kinamwambia hali ni ya afadhali. Nukta moja haiwezi kutenganisha mkondo tupu na unyeti, na rejea inayoporomoka kwa saa chache haiusubiri ugezi wa kesho. Programu ipewe kazi ya kusahihisha kilichobaki baada ya kihisi kutengenezwa vizuri, na kazi ya kukataa kutoa namba pale mkondo unapoonyesha dalili za kuporomoka.

Kundi la pili

Baada ya rejea ya milimita 15, ukaushaji wa saa 24 na maandalizi ya volteji, kundi jipya lipimwe kwa masharti yaliyoandikwa kabla ya kuanza. Ngazi za glukosi ziwe milimoli 0, 2.5, 5, 10, 15 na 20 kwa lita, kwa kupanda na kwa kushuka, siku ya 1, 3, 5, 7 na 10. Mkondo tupu usizidi asilimia 10 ya mkondo wa milimoli 5. Unyeti usibadilike zaidi ya asilimia 2 kwa siku. Vihisi vinne angalau viendeshwe muda wote kwenye milimoli 20, kwa sababu hapo akiba ya rejea huliwa mara mbili ya kasi na udhaifu hujitokeza mapema. Kwa kila kihisi, hesabu ya kulombi zilizokwisha kupita iandikwe kando ya usomaji. Kikianguka, swali la kwanza liwe akiba ilikuwa imefikia wapi.

Bafa ikishavukwa, rudia kwenye plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) kabla ya mwili. Protini hujibandika kwenye utando na kupunguza unyeti mwanzoni. Upungufu huo ukitulia baada ya siku ya kwanza, unaweza kuchukuliwa na ugezi. Tia pia vitamini C ya milimoli 0.1, asidi ya uriki ya 0.4 na parasetamoli ya 0.15 kwa lita, kila moja peke yake, siku ya kwanza na siku ya kumi. Utando wa ndani wa polifenilinidiamini hukonda na kuchakaa kwa kuguswa na peroksaidi siku nenda siku rudi, na kihisi kilichozuia parasetamoli vizuri siku ya kwanza chaweza kuipitisha siku ya kumi. Vihisi vya akiba vihifadhiwe vikavu, pamoja na kikaushio, gizani, na viwili vitupu vya kundi hilo hilo ndani ya pakiti moja navyo.